Kliniki ya Kwenye Simu

Aliletwa zahanati asubuhi kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mume wake asije akaanguka. Mimi ni muuguzi mkunga. Kwetu ni Tanga, lakini huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Bariadi, na wajawazito wa vijiji vya njia ya Dutwa wengi wamepita mikononi mwangu. Huyu nilimfahamu. Alikuja kliniki mara mbili, kisha akapotea.

Nilipomgusa mguu, kidole changu kiliacha shimo. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Presha niliipima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini. Nikamchoma sindano ya kuzuia degedege, nikaita gari la wagonjwa, kisha nikamgeukia mume.

"Baba, mama ameacha kliniki tangu lini?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Hajaacha, nesi. Amekuwa anahudhuria kwenye simu."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akanipa. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na picha yangu. Nimevaa sare nyeupe, nimesimama mbele ya mlango wetu wa bluu, nacheka. Niliikumbuka picha ile. Ilipigwa siku ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu aliyestaafu. Chini yake iliandikwa kwamba kuvimba miguu na kuumwa kichwa miezi ya mwisho ni dalili ya mtoto kukua vizuri, mama anywe maji ya mizizi asubuhi na jioni. Tena mama huyu alikuwa ameuliza. Alieleza kichwa kinamgonga na anaona nyota mchana. Akajibiwa: "Usiogope, mwanangu. Ni kawaida."

Nikakaa juu ya mzani wa watoto, ukalia.

"Siyo mimi," nikamwambia mume.

"Lakini ni wewe," akasema, akinyoosha kidole kwenye picha. Hakuwa na hasira. "Na hapa kwenye anwani wameandika clinic. Mwanangu anayesoma sekondari ndiye aliyetusomea. Alisema watu hawawezi kuandika hivyo kama siyo kliniki."

Gari likaja. Hospitali walimpasua mchana uleule. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshafariki tumboni. Mama alikaa siku tatu bila kutambua mtu, ya nne akaomba uji.

Siku hiyo ya nne nilikwenda mjini kwa mama mmoja mwenye duka la stationery, ambaye huwatengenezea watu tovuti. Nilimwonyesha ile anwani: jina la zahanati yetu, nukta, kisha lile neno clinic.

"Wizara ndiyo imewapa?" nikauliza.

"Dada, hakuna wizara hapo. Zamani miisho ya anwani ilikuwa michache. Ile ya serikali ilikuwa haitolewi ovyo, na mpaka leo haitolewi. Baadaye dunia ikafungua miisho mipya, mamia kwa mamia. Kuna ya duka, ya shule, ya kanisa, hii ya kliniki. Unachagua jina, unalipia, ni lako."

"Hawaulizi cheti?"

"Huu hawaulizi."

Nilimwomba arudie, akarudia vilevile. Mimi nimesoma miaka mitatu, nikafanya mitihani, nikaapa nimeshika mshumaa, na leseni yangu naihuisha. Na neno lilelile la kliniki, linaloninyima usingizi, lilikuwa linauzwa kama chumvi. Nilitaka kulia mbele ya wateja wake, nikajizuia.

"Mwenye tovuti amefichwa," akaendelea, "ila ameacha namba ya simu. Hii hapa."

Sikuhitaji kuipiga. Nilipoiingiza kwenye simu yangu, lilitokea jina la mzee wetu, mhudumu wa zahanati tuliyemuaga siku ya ile picha. Ndiye aliyenipokea nilipofika huku sijui neno la Kisukuma. Ndiye aliyenifundisha kusalimia mwangaluka asubuhi na kungoja mpaka mtu amalize kujibu.

Nilimkuta nyumbani kwake anaanika pamba turubaini. Alinisalimia kwa furaha, akaniita mwanangu, akaagiza kiti. Nilikataa kukaa.

"Baba, ile kliniki ya kwenye simu ni yako?"

"Ni yangu," akasema, na uso ukachangamka. "Mkwe wangu alinitengenezea. Watu wananiuliza mpaka wa Maswa. Nilikaa pale miaka thelathini, mwanangu, nimeona mengi. Nikasema nisiyazike."

"Na picha yangu?"

"Wanakuamini wewe. Mimi nilikuwa wa kufagia."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, maana alikuwa mtu wangu. Alisikiliza akiwa ameshika pamba mkononi. Nilipomaliza aliuliza mimba ilikuwa ya miezi mingapi.

"Minane."

"Aliniambia anaona nyota," akasema. "Mimi nilidhani ni njaa."

Akakaa chini, palepale juu ya pamba. Kutoka hapo chini alimpigia mkwe wake simu, akamwambia kwa Kisukuma maneno machache ambayo sasa nayaelewa vizuri: izime leo. Kisha akaniomba nimpeleke kwa wale wazazi.

Tulikwenda wiki iliyofuata, nikiwa nimeshampa mganga mkuu wa wilaya taarifa yangu ya maandishi. Mzee hakujitetea. Yule mama alikuwa ameketi mkekani, amefunga tumbo kwa kanga. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha hakumjibu yeye, alinigeukia mimi.

"Nesi, mimi nilikuwa nakushukuru kila nikisoma. Sasa nilikuwa namshukuru nani?"

Nilimpima presha, nikaandika kwenye kadi yake, nikamwomba aje zahanati Jumatatu, mwenyewe, kwa miguu yake. Alikuja. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono nimpime presha.