Kubeba Si Kukata

Mume wangu Marhoon alikuwa mpole mpaka umguse hesabu yake. Unguja alikaa mbele ya ubao wa swichi miaka kumi na miwili, na tulipofika Maskati mwaka wa sitini na tano akashika kazi hiyo hiyo katika kituo kidogo cha umeme nje ya lango la mji. Msimamizi alikuwa kaka yangu Mahfoudh. Ndiye aliyetutafutia ruhusa ya kuingia nchini, wala hakutuacha tukasahau.

Mwaka wa sabini ikaja mashine ya tatu ya kuzalisha umeme. Kaka akataka siku ya wageni kuja kuitazama, baada ya alasiri, zote tatu zifanye kazi kwa pamoja. Marhoon akakataa. Wiki nzima nyumbani kwangu chakula hakikushuka.

Mimi umeme sikuusoma, lakini maneno yake niliyasikia hata nikayahifadhi. Waya ikipata shoti, mashine zote zilizoungwa pamoja humwaga nguvu zao pale penye jeraha, na swichi lazima izikate. Kwa kipimo chao, kila mashine ilimwaga kumi na mbili na nusu. Mbili, ishirini na tano. Tatu, thelathini na saba na nusu. Swichi zile kuukuu ziliweza kukata thelathini, basi. Zikishindwa, mafuta yaliyomo ndani huchemka, tangi hupasuka, na aliyesimama mbele yake ni wa kusomewa hitima.

Kaka akajibu kwamba kibao cha swichi kimeandikwa ampea mia nane, na mji haujavuta hata nusu yake.

"Huko ni kubeba, shemegi," Marhoon akamwambia. "Mie nnasema kukata. Mlango ukiwa wazi hupitisha watu mia. Hebu ufunge na wao wanasukumana."

Kaka akamwita mwoga, akasema kama hataki atatafutwa mwengine. Nami, Mungu anisamehe, nikashika upande wa kaka.

"Umekula chumvi yake," nikamwambia mume wangu. "Usinitie aibu kwa kakangu."

Siku ya wageni akavaa, akaenda zake.

Baada ya alasiri feni ikasimama, kikafuata kishindo kutoka kituoni. Nikatupia buibui nikatoka mbio, sijui kama bado nna mume. Njiani wakaniambia tingatinga la watengeneza barabara limekata waya ya umeme iliyofukiwa chini, dereva mzima.

Kituoni nilimkuta Marhoon akipangusa mafuta sakafuni. Kaka alikuwa amekaa chini, kanzu yake nyeupe imerukiwa na mafuta. Shoti ilipotokea alikuwa mbele ya swichi ya waya hiyo, akiwaeleza wageni. Ilikata, lakini kwa taabu.

Ndipo Marhoon aliposema alichofanya. Mashine ya tatu aliiwasha kama alivyoamriwa, ila alikuwa ameizima swichi ya katikati, ubao ukagawika pande mbili. Mbili zilikuwa huku kwenye waya iliyokatwa, ya tatu kule peke yake. Wageni waliona zote zinazunguka, wakaridhika.

"Na lau zote zingekuwa pamoja?" kaka akauliza.

"Thelathini na saba na nusu," Marhoon akasema, akaendelea kupangusa. Kaka akafahamu, akajifunika uso kwa kanzu akalia. Nilitaka kumsogelea nikashindwa, kwa kuwa wiki ile nzima mimi ndiye niliyembembeleza Marhoon ampe kaka alichokitaka.