Mwalimu wa Vitufe Vinavyohama

Saa mbili kasoro asubuhi, jenereta inanguruma nyuma ya ofisi ya uandikishaji katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara. Speciosa Bartholomayo anaingia ameshika diski mpya kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta mdudu kwenye nguo zake.

Hakai. Anazunguka meza saba zenye kompyuta, anapanga viti, anavipangua. Makarani kumi na mmoja wanakuja kujifunza upya programu ya kuandikisha wakimbizi, ambayo walidhani wameshamalizana nayo. Leo ni Alhamisi, na Jumatatu uhakiki wa kambi nzima unaanza.

"Hili ni toleo la nne katika miezi kumi na minne," anasema, macho mlangoni. "Wino haujakauka, mwongozo umeshachacha."

Speciosa, 34, ni binti wa wakulima wa Mbuba. Kabla ya kuajiriwa kambini alifundisha katekisimu kigangoni kwa miaka sita, kwa swali na jibu, wote kwa pamoja, mpaka jibu likae kichwani. Alipopewa kazi ya kuwafundisha makarani alitumia njia hiyohiyo. Akiuliza familia ikihamia kijiji kingine cha kambi tunabonyeza kitufe gani, darasa zima liliitikia: cha nne kutoka juu! Wageni walipita wakasikia, wakapiga picha. Lilikuwa darasa tamu, naye alilionea fahari, hafichi.

Ubaya ulikuja Agosti na toleo la tatu. Waliotengeneza programu, huko waliko, walipachika kitufe kimoja zaidi juu ya orodha. Cha nne sasa kikawa cha kumwondoa mtu aliyerudi kwao, na cha kuhamisha kikashuka hadi cha tano. Speciosa aliwaeleza makarani, wakaitika, wakaandika.

Lakini mazoea yana taabu. Karani Leonidasi, mwepesi kuliko wote, alimpokea Nimpaye, bibi wa miaka 58 aliyekuwa akihamia kijiji kingine na wajukuu wake watano. Vidole vikaenda vilikozoea. Skrini ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Kompyuta ikaandika kwamba watu sita wamerudi Burundi.

Nimpaye aligundua hilo siku ya mgao wa chakula, akiwa kwenye foleni na gunia tupu.

"Nikamwambia karani wa mgao, mimi si huyu hapa?" anakumbuka. "Akasema, mama, kompyuta inasema umekwenda. Nimekwenda wapi, na miguu yangu ni hii?"

Kumrudisha kwenye orodha kulihitaji idhini ya ofisi kubwa, na idhini ilichukua siku kumi na tisa. Ngojangoja ikaumiza matumbo kwelikweli. Majirani walimchangia mahindi, na mjukuu wake wa mwisho akalazwa kwenye zahanati ya kambi kwa udhaifu.

Leonidasi alitaka kuacha kazi. Speciosa alimkatalia. "Vidole vile nilivifundisha mimi," anasema. "Yeye alijibu kama nilivyomkaririsha."

Alikwenda mwenyewe kwa Nimpaye kuomba radhi, akapiga goti na kutoa shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, kisha akamuuliza jambo moja tu: likija toleo lingine, itakuwaje? Tangu siku ile Speciosa hana raha.

Sasa kiitikio kimepigwa marufuku. Meza tatu zina toleo la zamani, nne zina jipya, ambalo vitufe vyake vimehama tena, na kila robo saa makarani wanahamishwa meza ili vidole visipate pa kuzoea. Sheria imebaki moja. Kabla ya kubonyeza ndiyo, karani asome kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na mkimbizi mwenyewe ndiye atamke ndiyo.

Wakubwa wake hawajaipenda. Wanasema familia tisini kwa siku zitashuka hadi sitini. Wamempa Jumatatu moja tu ya kujaribu, na foleni ikilundikana, sheria inafutwa.

Saa nne, Nimpaye anaingia. Speciosa amemwomba aje wafanye naye mazoezi ya toleo jipya, kwenye sehemu ya majaribio ambako kompyuta haihifadhi kitu. Anaketi karibu na Leonidasi, anamwomba amhamishe kijiji, kama siku ile. Mkono wa kijana unakwenda haraka ulikozoea, kisha unasita juu ya kitufe cha ndiyo.

"Nimpaye na wajukuu watano," anasoma kwa sauti. "Watu sita. Wafutwe, wamerudi Burundi."

"Hapana," anasema Nimpaye.

Leonidasi anaondoa mkono, anafuta jasho, anaanza tena kutoka juu, akisoma kitufe kimoja kimoja. Safari hii bibi anasema ndiyo.

Speciosa anakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hawezi kuwazuia wenye programu wasihamishe vitufe, anasema, na toleo la tano litakuja tu. Anachotaka ni kila meza iwe na kiti cha pili, cha mkimbizi ambaye jina lake liko kwenye skrini. Kisha anainuka tena, maana Jumatatu haiko mbali, na viti saba hajui ataviazima wapi.