Jiwe la Kusagia Chini ya Bwawa

Mama yangu hali samaki wa bwawa la kijijini kwetu, upande wa Msanzi. Ukimuuliza, anasema wana miiba. Sababu naijua. Chini ya maji yale ndipo ilipokuwa nyumba ya kwanza ya wazazi wangu, na kando yake walimzika kaka yangu, mtoto wao wa kwanza, kabla mimi sijazaliwa.

Bwawa lilipojengwa, kila familia iliambiwa ihamishe makaburi yake. Mama alikuwa amelazwa hospitali mjini. Baba akasema kazi hiyo ameifanya peke yake, akamwonyesha kaburi jipya kwenye makaburi ya parokia, na mama akalipalilia miaka yote. Baba alipofariki, mama akaanza kuuliza: mbona hakuwahi kunisimulia alivyomfukua?

Mimi ni fundi redio mtaa wa Chanji, mjini, na swali lisilojibika hunitia hasira. Nikaamua kuunda mashine ya kuzama bwawani na kumwonyesha shimo lililofukuliwa, ili baba apumzike na sisi tupumzike. Nikaunganisha mabomba ya plastiki, mota tatu ndogo zenye mapangaboi, taa, na kamera ya nyuma ya gari niliyoifungia ndani ya chupa ya kioo. Waya mrefu ulipeleka umeme na kurudisha picha. Nilipoijaribu kwenye pipa la maji uani ilivuja mara mbili, nikaitukana, nikaishindilia grisi. Washikaji wakaniuliza kama sasa navua kwa rimoti.

Kiangazi, maji yalipopungua na kutulia, tukaenda. Mama akakaa ukingoni na skrini mapajani.

"Pinda kulia," akasema. "Hapo palikuwa na kihenge. Sasa nenda polepole."

Kila nilipokaza mwendo tope lilitimka, skrini ikawa ya kahawia, tukasubiri litulie. Mara ya mwisho lilipotulia, tuliliona jiwe la kusagia ulezi, limesimama wima. Mama mwenyewe ndiye aliyelisimika kichwani pa mtoto, maana saruji hawakuwa nayo. Kuanzia pale mawe madogo yalijipanga kuzunguka kaburi fupi, hakuna hata moja lililong'oka. Shimo halikuwepo.



"Mama, labda baba aliyarudishia mawe."

"Baba yako? Hata kiti alikuwa harudishii. Zima taa."

Nikazima. Akaendelea kuitazama skrini nyeusi.

"Kwa hiyo kule parokiani nampalilia nani?"

Nikavuta waya, nikaipandisha mashine. Hadi leo imening'inia dukani, siwezi hata kuifungua nichukue mota zake. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama mlangoni kwake na jembe begani. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Makaburini," akasema. "Yeyote aliyemo, kashanizoea."