Dada Pamba na Kitabu cha Mahudhurio

Aliyekaa dirisha la dawa kwenye zahanati ya mtaani aliitwa Dada Pamba, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka kumi na moja alikuwa akifungua kila kopo la dawa za virusi vya UKIMWI na kushindilia pamba juu ya vidonge, ili mtu akitembea nalo mkobani lisipige kelele na kumtangaza kwa majirani. “Dada anavitandikia vidonge godoro,” wagonjwa walimtania. Yeye alicheka tu, akaendelea kushindilia.

Kosa lake lilikuwa huruma. Wagonjwa waliomba ruhusa kazini kila mwezi waje kuchukua dawa, mpaka mabosi wakaanza kuwahoji, basi akawa anawapa makopo matatu kwa mkupuo, warudi baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyekatiza dawa. Kumbe huko makao makuu, wanaogawa fedha za serikali hawahesabu watu, wanahesabu mahudhurio! Mahudhurio yameshuka, wakasema, basi wagonjwa wamepungua. Wakakata fungu la zahanati. Dawa za kinga kwa wasioambukizwa zikafutwa kabisa, na makopo yaliyoletwa hayakufika hata nusu. Jamani, mtu mwenye akili zake timamu alikaa mezani akapiga hesabu hiyo, na chai akanywa.

Siku ofisa wa makao makuu alipokuja kukagua, foleni ya dawa ilikuwa imefika nje. Wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo, mjamzito wa miezi saba. Dada Pamba akamtolea makopo matatu, yamvushe mpaka ajifungue na kuanza kunyonyesha, mtoto asije akaambukizwa.

“Kila mtu wiki mbili tu,” ofisa akasema nyuma yake. “Wakija mara nyingi, mahudhurio yatapanda, na mwakani fungu litarudi.”

“Mwakani?” mshonaji akadakia, akigusa tumbo lake. “Bosi, huyu anatoka baada ya miezi miwili. Nimwambie asubiri bajeti?”

Foleni ikaangua kicheko, kicheko cha hasira.

“Mama, mimi natekeleza maagizo tu.”

Hapo Dada Pamba damu ikamchemka. “Maagizo! Barua nne nimewaandikia. Watu wangu ni mia tatu na kumi, wote wako kwenye kitabu hiki cha mahudhurio. Mlinijibu?” Akamsukumia kitabu na kalamu. “Huyu mama nampa makopo yake yote. Kuna watakaokosa. Chagua wewe, kaka yangu. Kata majina kwa mkono wako, wenyewe wakikuona.”

Ofisa akashika kalamu. Akatazama foleni, foleni ikamtazama. Akaiweka chini. “Nitapeleka taarifa,” akasema, akaingia garini huyoo.

Dada Pamba akamkabidhi mshonaji dawa zake. Waliofuata akawapa kopo moja moja, akiwaomba radhi kwa kosa asilolifanya yeye. Saa tano asubuhi rafu ikawa tupu, na mlinzi mmoja wa ghala, mtu mzima, ndio kwanza anafika dirishani.

“Binti yangu,” akauliza kwa upole, “nikae nisubiri, au nirudi nyumbani?”

Aibu ilikuwa ya wale wa makao makuu, lakini aliyelazimika kufunga dirisha, mzee wa watu bado amesimama pale, alikuwa Dada Pamba.