Baba Mkwe Amefunga Waya Kwenye Injini

Admin, nifichie jina, huku Kisanga tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka 33, fundi wa injini. Kazi niliijulia kwenye meli za ziwani, sasa niko gereji ya malori Mikumi. Baba mkwe wangu ndiye mwendesha mashine ya kusaga hapa kijijini. Mashine hiyo inazungushwa na injini kuukuu iliyotolewa kwenye meli, na mume wangu anafanya kazi pale pale, pembeni ya mkanda unaotoka kwenye injini kuzungusha kinu.

Mwezi uliopita injini ilianza kupanda na kushuka yenyewe, mwenye mashine akaniita. Shida ilikuwa gavana, kile kifaa kinachoamua injini inywe mafuta kiasi gani. Oili yake ilikuwa chafu, imejaa hewa. Nikaimwaga, nikaweka safi, nikalegeza skrubu yake hewa itoke, kisha nikaikaza polepole mpaka mwendo ukatulia. Watu wakanisifu, baba yupo anasikia. Ningejua, ningempa yeye spana mimi nielekeze tu.

Injini iliposumbua tena hakuniita. Akaufunga waya mkono wa mafuta, ule unaosukumwa na gavana, usicheze. Injini imetulia kweli, ila gavana haina kazi tena. Mkanda ukichomoka, injini inabaki bila mzigo na hakuna cha kuizuia, itakimbia hadi ipasuke.

Nikamwendea. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, ule waya ni hatari."

Akanijibu mbele ya wateja, "Injini hii nimeilea wewe hujaolewa. Mke wa mwanangu hanifundishi." Wakacheka. Nililia njia nzima.

Mume wangu naye ananiambia, "Ukimsema baba kwa bosi, kazi hana, na mimi sina uso kwenye ukoo."

Juzi mkanda ukachomoka. Injini ililia hadi mabati yakatetemeka, bahati baba akawahi kufunga mafuta. Nikasema sasa ameelewa. Asubuhi yake nikapita, waya upo, mpya, mnene kuliko ule wa kwanza.

Jamani, nimechoka. Nikisema nimemvua nguo mzee, na ndoa yangu sijui. Leo hata gereji nimeshindwa kwenda. Mume wangu yuko zamu, mimi niko jikoni nausikiliza ule mlio, ukibadilika kidogo tu naacha mwiko natoka nje. Ndugu zangu, nambieni la kufanya wakati bado unasikika.