Vidole Vyangu Vitano

Mara ya tisa mume wangu, Baba Zawadi, alipoganda mdomo wazi kwenye kioo cha ordinateri, niliipakia mashine kwenye baiskeli nikaenda kumshitaki fundi aliyeniuzia.

Vita ilikuwa imemvusha mpaka ng'ambo ya ziwa. Kwenye diski aliyonitumia alisema: "Mama Zawadi, lete mutoto, boti yenu iko siku ya..." Hapo picha inakatika-katika, inaganda. Nilizima, nikawasha, na kila mara nikaifuta diski kwa kitenge changu cha kazi. Ikazidi kuharibika. Kosa la nani, kama si la fundi?

Nikamkabidhi shefu wa zone, mkubwa wa serikali wa eneo letu, malalamiko yangu kwa maandishi, Kifaransa safi cha sekondari. Fundi aliitwa, akasimama pale.

"Mama, kazi yako ni gani?" shefu akauliza.

"Ninakamua mawese."

Akainua karatasi. Pembeni, alama za vidole vitano, nyekundu za mafuta. Fundi akaigeuza diski: mafuta yale yale! Akaiosha kwa sabuni, akairudisha ndani ya mashine, na Baba Zawadi akatamka bila kukwama: "...Alhamisi."

Shefu akashika muhuri. "Mama Zawadi, nigonge malalamiko yako, ao hii mihuri yako mitano inatosha?"