Mkanda Mwekundu wa Nyumba ya Magogo

Kila aliyepita njia ya kupandia milima ya Mbizi aliijua nyumba ya Gaudiosa, kwa sababu ilikuwa pekee ya aina yake. Majirani walijenga kwa matofali ya kuchoma. Yeye alikaa ndani ya magogo mazima ya mikaratusi, yamelazwa moja juu ya jingine na kuchongwa kwenye kona yakashikana kama vidole vya mtu anayesali. Mumewe, marehemu Adriano, alikuwa mkata miti, na aliijenga kidogo kidogo, gogo kwa gogo. Kijijini waliiita zizi.

"Mama Kasimiri, umeamkaje huko zizini?" Nyanda alimtania kila asubuhi akipita na mifugo yake. Nyanda alikuwa Msukuma, jirani wa upande wa bondeni.

"Salama. Ila wanaodhani hili ni zizi ni ng'ombe wako. Jana dume lako limejikuna kwenye kona yangu mpaka vikombe vimelia kabatini."

"Linaipenda hiyo kona, mayo, mama yangu. Nifanyeje?"

Gaudiosa hakuwa mtu wa kulala bila kukagua. Jioni alizunguka nyumba akitazama kama kuna unga mwembamba chini ya ukuta, maana huo ni wa wadudu watoboao mbao. Alitazama nyufa pia. Ufa unaotazama chini hakuuhofia, ila unaotazama juu hunywa mvua, na huo aliuziba kwa nyuzi za katani. Baada ya mavuno, upepo mkavu ukishaanza kuvuma, aliosha kuta zote kwa brashi laini na maji ya sabuni ili ukungu mweusi utoke. Alianzia chini kupanda juu, kwa kuwa maji machafu yakitiririka kwenye gogo kavu huacha michirizi isiyofutika. Kisha aliacha kuta zikauke vizuri, halafu akapaka oili chafu kwa kitambaa.

Mwisho wa yote ilikuja kazi aliyoipenda kuliko zote. Aliponda udongo mwekundu, akasiliba mkanda mpana sehemu ya chini ya kuta pande zote, kama mama yake alivyokuwa akifanya kwao Mwazye kwenye nyumba ya udongo. Wakati wa Adriano mkanda haukuwapo. Aliuanza alipobaki mjane, siku moja alipoona nyumba imenuna, akataka kuivalisha kitu.

Mwaka huu uani kulikuwa na rundo la matofali. Aliyeyaleta ni mwanawe Kasimiri, fundi ujenzi wa Sumbawanga mjini.

"Mama, kabla ya mvua tuishushe hii nyumba, tujenge ya matofali," alisema. "Upepo ukivuma usiku, mimi huko mjini silali. Nawaza magogo yamekulalia."

"Magogo yangu mazima, mwanangu. Mwezi wa saba watu wanatetemeka, mimi humu najifunika shuka tu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana kwamba Jumapili, baada ya misa, Kasimiri atakuja kugonga kila gogo. La chini likiwa limeoza, nyumba inashuka.

Kwa hiyo Gaudiosa aliosha mapema mwaka huo, tena kwa bidii. Alipofika karibu na mlango, brashi ilibandua kipande cha mkanda. Nyuma yake kulikuwa na njia za mchwa. Alibonyeza gogo kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye ugali.

Akakaa chini palepale. Hapo ndipo maji ya bati hudondokea. Udongo wake mzuri ulikuwa umeyashika maji na kuwafichia mchwa njia, mwaka baada ya mwaka, naye akiupiga pasi kwa kiganja.

Ndoo ya udongo ilikuwa pembeni, tayari imelainika. Nyanda, aliyekuwa akimtafuta ndama, alimkuta ameshika tonge la udongo mkononi.

"Ukisiliba hapo, Kasimiri haoni kitu," Nyanda akasema taratibu.

"Najua."

"Sasa?"

Gaudiosa alitazama mlangoni. Kitanda wanacholalia wajukuu wake wakija Krismasi kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo. Akalirudisha tonge kwenye ndoo. Akachukua jembe la mkono, akaubandua mkanda wote, pande zote nne, mpaka nyumba ikabaki miguu wazi. Pande tatu magogo yalikuwa na makovu juujuu tu, ndani magumu. La mbele ndilo lililooza.

Jumapili Kasimiri alikuja na panga. Kabla hajagonga popote, mama yake alimshika mkono akampeleka mlangoni.

"Anzia hapa."

Kasimiri alichokonoa, ncha ya panga ikazama. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Ila gonga na mengine."

Akagonga kwa mgongo wa panga. Ko! Ko! Kila gogo liliitika kwa sauti kavu. Akazunguka nyumba yote, akarudia tena, kama mtu anayetafuta kosa asilione.

Nyanda, aliyekuja kutazama, hakuweza kujizuia. "Fundi, dume langu limeisukuma hii nyumba mwaka mzima limeshindwa. Wewe utaiweza na hilo panga?"

Kasimiri alicheka asitake kucheka. Akachuchumaa, akapima kwa shubiri urefu kutoka ardhini mpaka gogo la pili. Akaenda kwenye rundo, akarudi na tofali, akaliweka pale. Akaliongezea jingine juu yake.

"Mama," akasema, bado ameinama, "lililooza tunalitoa. Chini tunaweka mawe, juu matofali. Magogo ya upande huu yasiguse tena ardhi."

"Na nyumba?"

"Inakaa juu yake."

Gaudiosa aliingia jikoni haraka kuinjika maharage, ili machozi yake yasionekane.

Waliazima jeki za lori, wakainua ukuta wa mbele polepole, na maksai wa Nyanda wakalivuta gogo bovu kwa mnyororo. Kasimiri alijenga msingi, akatandaza nailoni nzito juu ya matofali kuzuia unyevu usipande, wakaushusha ukuta. Nyumba ililia mara moja kwenye kona, ikatulia. Jioni walikunywa kimpumu, pombe ya kienyeji, uani, na Nyanda akatangaza kwamba ni zizi la kwanza Ufipa nzima kuwa na msingi.

Udongo ulikuwa bado upo kwenye ndoo. Msingi ulipokauka, Gaudiosa aliusiliba mkanda wake mwekundu, akaukomesha chini ya nailoni, usifike kwenye magogo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, alitoka amejifunika gunia kichwani, akainama kutazama matone yanaangukia wapi. Yaliangukia kwenye mkanda, yakauchafua kidogo, lakini gogo la juu yake lilibaki kavu. Akarudi ndani, akafunga mlango.